Dada Yake Basilika

Kwa miaka miwili na miezi minne Fundi alikuwa akiumwa wivu, na mgonjwa mwenyewe alikataa katakata kwamba anaumwa. Haukuwa wivu wa rejareja, ule wa kumwonea mwenzio gauni jipya ukasahau kesho yake. Ulikuwa wivu wa jumla, wa magunia, na shehena yote ilipelekwa kwenye anwani moja: kwa mdogo wake wa tumbo moja.

Mdogo mtu alikuwa mpokea wageni kwa daktari wa meno. Kazi hiyo ilikuwa imemzoesha kuzungumza na watu waliopanuliwa midomo wasioweza kujibu, naye akawahesabu ndugu, jamaa na majirani wote kuwa wagonjwa wa aina hiyo. Hilo peke yake lingevumilika. Lakini wafanyakazi wenzake walimchukua safari moja kwenda kutembelea ile basilika maarufu, ile ambayo kuba lake hupamba kalenda za kila parokia, na aliporudi hakuwa tena mdogo wa mtu. Alikuwa shahidi.

"Kule basilika," alikuwa akianza, na hakukuwa na mada duniani isiyoweza kupitishwa mlango huo. Ukimkaribisha chai: kule basilika watu hukaa kimya hata koo zikauke. Ukilalamikia bomba linalovuja: kule basilika kuna chemchemi mbili mbele ya ngazi na hakuna tone linalopotea. Msibani, wakati watu wazima wanahangaika kutafuta la kusema, yeye alikuwa nalo tayari: kule basilika kuna makaburi ya marumaru, mtu anakufa bila wasiwasi. Mtaa ukambandika jina la Basilika. Alijifanya kulichukia kwa siku moja kutwa, halafu akaanza kuliitikia.

Kilichomtia Fundi kidonda hasa ni pazia.

Basilika alisimulia kwamba juu ya kaburi la askofu mmoja wa kale limening'inizwa pazia jekundu la mahameli, lenye taraza za dhahabu, pana kuliko nyumba ya vyumba viwili. "Nililigusa kwa mkono wangu huu," alisema, akiuonyesha mkono. "Laini kama shavu la mtoto mchanga." Padre akaingiwa na hamu, akataka na parokia iwe na la kwake. Kazi ikamwangukia Fundi, kwa kuwa ndiye aliyeshona kila kitu pale, kuanzia kanzu za watumishi wa altare hadi mifuko ya sadaka. Mita ishirini na mbili za mahameli. Wiki sita. Sindano nne za cherehani zikavunjika. Jumapili ya kulizindua, Padre akasimama mbele ya waumini akamshukuru kwa moyo wote "binti yetu aliyetuletea basilika hapa nyumbani." Makofi yakalipuka. Basilika akasimama, akainama kulia, akainama kushoto. Fundi hakuonekana, kwa sababu alikuwa nyuma ya pazia lenyewe, juu ya ngazi, kulabu tatu mdomoni, akingoja makofi yaishe ateremke bila kelele.

Mama yao naye alikuwa amekalia cherehani miaka arobaini, na ndiye aliyewafundisha wote wawili. Mkubwa akashika. Mdogo, katika wiki ya kwanza, alishona mkono wa blauzi yake mwenyewe kwenye suruali ya mteja, akatangaza kwamba Mungu anamwita kwingine. Mtu angedhani mambo kama hayo hukumbukwa. Wapi! Sebuleni kwa Mama, kwenye msumari uliokuwa umebeba cheti cha ushonaji cha Fundi tangu enzi za ujana wake, sasa ilining'inia picha kubwa ya Basilika akiwa kwenye ngazi za basilika, mikono ameitandaza kama dalali anayeuza jengo. Cheti kilihamishiwa koridoni, karibu na mita ya umeme, ambako kilisomwa mara moja kwa mwezi na msoma mita.

Basi parokia ilipotangaza safari ya kwenda huko huko, jina la Fundi lilikuwa la kwanza kwenye orodha, na wino ulikuwa bado mbichi alipokwenda kumwambia Mama.

"Vizuri," Mama alisema. "Na mdogo wako aende. Yeye anapajua."

"Mama, kwani kanisa linataka mtu wa kulijua? Unaingia, unatoka."

"Hili si kanisa la kuingia na kutoka. Mimi magoti yangu hayawezi tena basi la siku mbili, kwa hiyo nendeni wote mnitazamie." Kisha Mama akamvuta Fundi karibu kidogo, akatabasamu. "Na wewe uniletee kitu ambacho mdogo wako hajaniambia. Maana yeye amesema vyote."

Mama alikuwa anatania. Fundi hakutania. Alilichukua neno lile kama kipimo cha mteja, akaliandika moyoni kwa sentimita: kitu kimoja, kutoka ndani ya basilika, ambacho mdogo wake hajakisema. Asipokileta, basi atabaki koridoni na mita ya umeme mpaka mwisho wa maisha yake.

Njiani Basilika alikaa kiti cha mbele karibu na dereva, na kabla hawajamaliza saa ya kwanza alikuwa amekishika kipaza sauti cha basi. Alieleza idadi ya nguzo. Alieleza urefu wa kuba. Alieleza sanamu ipi ina kidole kilichokatika na ni cha mkono upi. Watu ishirini wa parokia walimsikiliza vinywa wazi, Padre akiandika kwenye kijitabu. Kila alipotaja kitu, Fundi alikifuta kichwani kwenye orodha ya vitu ambavyo angeweza kumpelekea Mama. Kufikia jioni orodha ilikuwa imebaki na hewa.

"Ee Mungu," Fundi aliomba, paji la uso kwenye kioo cha dirisha, "nionyeshe kitu ambacho huyu hajakiona. Si lazima kiwe kikubwa. Hata panya, Bwana."

Asubuhi ya pili walifika. Uwanja ulikuwa mpana hadi watu wa upande wa pili walionekana kama vifungo vya shati vilivyomwagika. Basilika alikuwa amevaa gauni refu la mikono mirefu, limefungwa vifungo hadi kooni, juu yake mtandio, na jua lilikuwa linachoma kama pasi. Alitembea kwenye foleni akiwakagua wenzake kama matroni wa bweni.

"Mabega yafunikwe! Wewe mama, magoti! Kule ndani hawana mchezo."

"Tumefunika, Basilika," Katekista alisema. Alikuwa mzee mpole aliyevaa suti ya harusi yake, na ilikuwa ni harusi ya zamani sana. "Mimi hata masikio naona joto."

Mlangoni bawabu aliyevaa glavu nyeupe aliwatazama mmoja mmoja, juu hadi chini. Zamu ya Basilika ilipofika, Fundi aliyekuwa nyuma yake aliona jambo la ajabu: shingo ya mdogo wake ilikakamaa, na jasho likaanza kumtiririka nyuma ya sikio. Bawabu akampungia apite. Basilika akatoa pumzi ndefu iliyotosha kuzima mishumaa. Fundi alidhani ni uchaji. Akauonea wivu hata uchaji huo.

Ndani, watu wa parokia walisimama wakaangalia juu. Dhahabu ilianza pale macho yalipofika na ikaendelea pale yalipochoka. Kiongozi wa watalii, kijana mrefu mwenye kibendera cha njano, aliwaambia anakwenda kuchukua tiketi za kupanda kuba. "Dakika kumi. Kuna mtu anayepajua hapa?"

Vidole ishirini vilimwelekea Basilika.

"Nifuateni," alisema Basilika. "Tuanze na kikanisa cha ubatizo, mlango huu wa kulia." Akausukuma mlango wa kulia kwa heshima zote. Ndani yake mlikuwa na ndoo saba, mafagio, na mtu wa usafi anayekula andazi.

"Wamebadilisha," Basilika alisema, akaufunga taratibu.

Aliwapeleka kushoto kwenye ngazi za kushukia makaburini. Hapakuwa na ngazi, palikuwa na duka la rozari. "Wamebadilisha." Aliwapitisha nyuma ya nguzo kuona sanamu ya kidole, wakatokea mahali pale pale walipoanzia. Katekista alikuwa wa kwanza kusema kwamba serikali zote na makanisa yote siku hizi hayatulii, kila siku ukarabati. Hakuna aliyetia shaka. Fundi mwenyewe hakutia, maana wivu wake ulikuwa na kazi nyingine: alikuwa anatafuta panya.

Ndipo walipolifikia kaburi la askofu.

"Hili hapa, jamani," Basilika alisema, na sauti yake ikapata nguvu, kwa kuwa kitu hiki angalau kilikuwa mahali pake. "Lile la kwetu ni mtoto wa hili."

Watu wakaguna kwa mshangao. Lilikuwa pazia kweli, jekundu la damu ya mzee, limeshuka kutoka juu, likapita juu ya kaburi, likajikunja na kujikunjua, taraza za dhahabu chini yake. Kamba ilizuia watu wasisogee. Padre alikunja mikono kifuani. Mtu mmoja nyuma alinong'ona, "Basilika hukukosea hata kidogo," na neno hilo lilimwingia Fundi kama sindano chini ya ukucha.

Akalitazama pazia kwa jicho baya, jicho la fundi anayetafuta kasoro kwenye kazi ya fundi mwingine. Na kasoro zikaja. Kitambaa kizito namna ile, kikishikwa pembe mbili, lazima kivute pale kinaposhikwa, na mikunjo ishuke wima. Huu mkunjo wa chini ulikuwa umeinuka kama umepulizwa na upepo, ukabaki umeinuka. Vumbi lilikuwa limelala juu ya mgongo wa mikunjo, jeupe, limetulia. Mahameli hunywa vumbi, hailivai. Hakuna mahali ambapo vipande viwili vilikutana. Upana huo wote, na hakuna mshono! Fundi aliinama, akafuata upindo kwa macho kutoka kulia kwenda kushoto, hadi kwenye kona ya mwisho, ambako kipande kidogo kilikuwa kimemeguka, na ndani yake zilimeta chembe kama za chumvi.

Kitambaa huchanika, hufumuka, huliwa na nondo. Fundi alikuwa ameona vyote hivyo. Kitambaa kilichomeguka hakuwahi kukiona.

Moyo wake ukaanza kupiga kama cherehani ya umeme.

"Mdogo wangu," alisema, kwa sauti tamu ambayo mtu yeyote wa familia yao angeikimbia, "hebu tuambie tena. Ulilishika?"

"Nililishika."

"Kwa mkono?"

"Sasa Dada, mtu hushika kwa nini tena? Kwa kisigino?" Watu wakacheka.

"Na lilikuwa laini?"

"Kama shavu la mtoto mchanga."

"Basi mtoto huyo akimbizwe hospitali," Fundi alisema, "kwa sababu hili ni jiwe."

Kiongozi wa watalii, ambaye alikuwa amerudi na tiketi zake, alifurahi kuona kundi lenye hamu ya elimu. "Ndiyo, ni jiwe," akasema. "Marumaru nyekundu. Wengi hudanganyika, hasa wakiwa wameliona kwenye picha tu."

Kwenye picha tu. Macho ishirini na manne, ukijumlisha na ya watalii wawili waliokuwa wanapita njia, yalimgeukia Basilika. Mengine yalibaki kwenye jiwe kwa aibu.

"Wamebadilisha," Basilika alisema, lakini safari hii hata yeye mwenyewe hakujiunga mkono.

Fundi alisubiri. Alikuwa ameisubiri dakika hii miaka miwili na miezi minne bila kujua ina sura gani, na sasa alitaka kuiangalia yote, bila kupepesa.

Basilika alikaa chini, pale pale sakafuni, akavua mtandio akaupakata.

"Sikuingia," alisema. "Siku ile nilivaa blauzi isiyo na mikono. Nzuri, mpya. Yule bawabu, huyu huyu wa leo, akanionyesha kidole hivi, akatingisha. Wenzangu wakaingia. Wakasema ngoja hapo hapo, tunarudi sasa hivi. Saa tatu. Nilikaa kwenye ngazi saa tatu, jua lote langu. Nikanunua kile kitabu cha picha nijifunike kichwa." Akapenga kamasi. "Nikakisoma. Nikakisoma chote. Nilipofika nyumbani Mama alikuwa amepika, amewaita watu, wamekaa, ananiambia haya mwanangu, tuambie kulikuwaje. Ningesema nini? Kwamba niliona mlango?"

Fundi alikuwa bado anatafuta namna ya kufaidi maneno hayo wakati jambo lisilo la haki lilipotokea. Mwalimu mstaafu wa hesabu, mama mgumu ambaye wanafunzi wake wa zamani bado walivuka barabara wakimwona, alipiga magoti akamkumbatia Basilika. "Saa tatu juani!" alilia. "Mtoto wa watu!"

Mtoto wa watu alikuwa na miaka arobaini na moja.

"Na akakariri kitabu kizima," alisema mwingine. "Akili gani hiyo!"

"Kidole cha sanamu pia alikariri," Katekista alisema, akimpa leso ya suti ya harusi. "Mkono upi na upi. Mimi sala ya kutubu tu hunipotea katikati."

Padre alimwekea Basilika mkono kichwani, halafu akamgeukia Fundi, na uso wake ulikuwa wa huzuni ile ambayo ni mbaya kuliko ukali. "Fundi, mwanangu. Hapa? Mbele ya watu?"

"Padre, mimi nimesema jiwe ni jiwe."

"Umesema."

Na kundi likaondoka, Basilika katikati, ameshikwa mkono huku na huku kama bibi harusi. Sasa kila mtu alitaka kumwonyesha. "Basilika, tazama hiki! Basilika, angalia juu kule!" Naye alikuwa anaangalia, anatoa machozi, anacheka, anasema "Jamani, kumbe! Kwenye kitabu ni kidogo!" Watu wakafurahi maradufu, kwa kuwa kuona ni tamu lakini kumwonyesha mtu ni tamu zaidi.

Fundi naye alikuwa anaingia humo kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hakuna aliyemwonyesha kitu. Alikuwa amemwonea mdogo wake wivu kwa kupajua mahali hapa. Sasa alimwonea wivu kwa kutopajua. Hata uongo wa huyu mtu ulikuwa unapendwa kuliko ukweli wake yeye. Walipoelekea kwenye ngazi za kuba alisema miguu inamuuma, na hakuna aliyembembeleza.

Akaambaa na ukuta wa pembeni, akipita vikanisa vidogo kimoja baada ya kingine bila kuvitazama, hadi akafika cha mwisho, ambacho uzio wake wa chini ulikuwa umefungwa kwa watalii. Ndani alikuwamo mtawa mmoja mzee sana, amepiga magoti mbele ya altare ndogo, kikapu cha nyuzi ubavuni. Upindo wa kitambaa cha altare ulikuwa umefumuka karibu urefu wa mkono na kuning'inia. Mdomoni mtawa alikuwa na pini kama kumi. Mkono mmoja uzi, mkono mwingine sindano, na uzi ulikuwa unapita kushoto kwa tundu. Kisha kulia. Kisha kushoto tena.

Mara ya nne Fundi hakuweza kuvumilia. Alinyoosha mkono juu ya uzio.

Mtawa alimtazama. Hakuweza kusema kitu kwa sababu ya pini, na Fundi, aliyeishi nusu ya maisha yake na pini mdomoni, hakutarajia aseme. Akapewa sindano. Akalamba uzi, akautia kwa mara moja, akairudisha. Mtawa aliutazama uzi, akamtazama Fundi vidole, hasa kile cha kati, chenye sugu ya fundi. Akafungua komeo la uzio.

Mtawa alikuwa anashona upande wa kulia. Upande wa kushoto, chini kabisa karibu na sakafu, ndio magoti yake yaliyokuwa yameshindwa. Alimwonyesha kwa kidevu. Fundi akapiga magoti, akaanza kwa mshono wa kuficha, ule unaookota uzi mmoja tu upande wa mbele ili usionekane. Alishona kama anavyoshona siku zote, haraka na safi. Alipofika kwenye mshono wa sita mtawa aliinama, akachukua mkasi mdogo, akafumua yote sita.

Fundi hakuwa amefumuliwa na mtu kwa miaka ishirini na mitano. Damu ilimpanda hadi masikioni. Mtawa akamwekea kidole kando ya mishono yake mwenyewe: tazama. Fundi akatazama, na kweli ilikuwa midogo kuliko yake, imebanana, imenyooka kama mstari wa daftari, na huyu bibi hata tundu la sindano halioni! Wivu ukamshika, mpya kabisa, na huu haukuwa na habari yoyote na Basilika. Akarudia. Safari hii alishona polepole, ulimi umetokeza kwenye kona ya mdomo kama msichana wa mwaka wa kwanza, hadi akafika kwenye kona, akaizunguka, akafunga.

Mtawa alipitisha ukucha juu ya upindo wote. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitakia. Halafu akaitikia kwa kichwa mara moja tu, akachukua kikapu chake akaondoka. Hakukuwa na makofi. Hakukuwa na picha. Hakuna mtu wa parokia aliyekuwa ameona chochote.

Saa nane kundi lilikusanyika kwenye ngazi za nje, na simu ya Basilika ikaita. Ilikuwa ndiyo simu pekee iliyokuwa inashika mtandao huko. Mama. Basilika akaweka sauti wazi ili wote wasikie, akavuta pumzi, akasema yote: blauzi, bawabu, saa tatu, kitabu. Akalia tena, na mwalimu wa hesabu akalia naye kwa kumsindikiza.

Upande wa pili Mama akaanza kucheka, kicheko kirefu cha kukohoa. "Pole mwanangu! Saa tatu! Na mimi nikakupikia!" Kikapungua, kikaanza tena. "Basi leo umeingia?"

"Nimeingia, Mama. Hadi juu ya kuba."

"Mungu mkubwa. Nipe dada yako."

Fundi aliipokea simu kama mtu anayeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Watu wote walikuwa wanamtazama.

"Na wewe? Umenitazamia nini?"

"Mama, nimeshona."

"Umeshona nini?"

"Humo ndani. Kitambaa cha altare, upindo ulikuwa umefumuka. Palikuwa na sista mzee, akaniachia kona ya kushoto."

"Dada!" Basilika aliruka. "Sawa, mimi nilidanganya. Lakini wewe mtu mzima, mara hii tu umenisuta, na wewe unaanza?"

Katekista akakohoa. Padre akaangalia viatu vyake. Kiongozi wa watalii alisema kwa upole kwamba watalii hawaruhusiwi kushika chochote, sembuse kushona. Fundi hakuwa na picha hata moja. Hakuwa na uzi kwenye gauni. Alihisi machozi yanakuja, na akakasirika kwa sababu alijua yeye akilia hatapewa leso.

"Kitambaa gani?" Mama aliuliza simuni.

"Kitani. Kizito. Kimefuliwa mpaka kimekuwa kama ngozi ya ndani ya mkono."

"Uzi umepakwa nta?"

"Umepakwa. Alikuwa na kipande cha nta kikapuni, kimechimbika mifereji."

"Mishono mingapi kwenye upana wa kidole?"

"Nilianza na sita. Akaifumua."

"Akaifumua?" Mama alisema polepole.

"Yote. Alitaka tisa. Mama, yake ilikuwa mizuri kuliko yangu. Ni mzee, haoni, na ilikuwa mizuri kuliko yangu."

"Mdogo wako asikie hilo," Mama alisema, kwa sauti iliyowafikia wote hadi ngazi ya mwisho. "Mtu anayetunga hadithi hawezi kujifumua mwenyewe. Nawajua wanangu. Huyu mkubwa hata mimi alikuwa haniachii nimfumue." Kiti kikasikika kikiburutwa, alikuwa anakaa vizuri. "Haya. Nianzie mwanzo. Alikaaje, huyo sista? Sindano ilikuwa namba ngapi?"

Fundi akaugeuza mgongo wake kwa kundi zima, akaanza. Alieleza pini. Alieleza subana iliyotoboka kwenye kidole cha mtawa. Mama alikuwa anauliza, anakatiza, anabisha kuhusu nta, anataka kujua mwanga ulitoka upande gani. Nyuma yake kiongozi alikuwa ameinua kibendera cha njano na watu wameanza kuteremka kwenda kwenye basi. Basilika peke yake hakuteremka. Alikuwa amesimama ngazi moja chini, mkono ameunyoosha, anahama kutoka mguu huu kwenda ule.

"Dada, nipe, na mimi nimwambie juu ya kuba kulivyokuwa."

"Subiri."

"Dada, ni simu yangu! Basi linaondoka!"

"Subiri, nimesema," Fundi alijibu, bila kugeuka. "Mama anauliza niliikunjaje ile kona."